Gorogoro ya Kupimia Wagombea

Jumapili soko la Kibuye, Kisumu, hufurika mpaka barabara ya Kakamega inasahau kwamba ni barabara. Mimi niko palepale nyuma ya cherehani, redio nimeifunga kwenye nguzo kwa mpira wa baiskeli. Niliinunua inisindikize nikipinda suruali za mitumba. Kampeni zikianza inanifanya mhariri mkuu asiye na mshahara.

"Jaduong', geuza stesheni! Huyo ameongea vya kutosha."

Ameongea dakika mbili. Chama cha wateja wangu kikisifiwa, hiyo ni habari. Kikiulizwa swali, redio imenunuliwa, nami labda nimegawiwa kidogo.

Mwaka 2022 nilichoka. Nikazima mashine nikawasomea: Katiba ya 2010, Kifungu cha 34, inataka vyombo vya habari vya serikali visiegemee upande na viwape nafasi wenye maoni tofauti. Kifungu cha 92 kinaliagiza Bunge litunge sheria ya kuvigawia vyama muda wa hewani kwa haki.

"Kwani hii cherehani ni ya serikali?" akauliza jirani yangu fundi wa masanduku.

Alinishinda, lakini nilikuwa nimeshatangaza. Nikavua saa nikaiweka kwenye meza: kila upande dakika kumi, kisha nageuza stesheni. Nilipomaliza zamu ya kwanza, wateja wawili walikuwa wamechukua suruali zao bila kupindwa.

Aliyenimaliza ni mama wa omena. "Sawa, jaduong'. Hizo kumi umezipima kwa gorogoro gani?"

Kibuye swali hilo halihitaji maelezo. Mkebe wa kupimia ni uleule, lakini mwingine umebonyezwa kitako mpaka kikapanda juu kama kiganja, na bei haijashuka. Nikasikiliza upya. Kumi za huyu: sauti yake mwenyewe, saa mbili usiku, watu wako mezani. Kumi za yule: mtangazaji anamsimulia, karibu na usiku wa manane, katikati ya matangazo ya dawa ya mgongo. Tena wa kwanza "alieleza", wa pili "alidai". Saa yangu haina mshale wa kupima "alidai".

Sisi wenye mvi tulilelewa na kitako kilichobonyezwa waziwazi. Enzi za chama cha KANU, taarifa ya habari ilianza na Mtukufu Rais, awe amefungua shule au amekwenda kanisani. Hukuhitaji saa, ulijua mkebe ni wa nani.

Na midahalo ya urais nayo! Februari 2013 walipanga mstari wagombea 8, ukashindwa kumhesabu aliyebaki na dakika. Mwaka 2017, Uhuru Kenyatta hakufika, Raila Odinga akajibu maswali peke yake. Mwaka 2022 zamu ikageuka: Raila ndiye hakwenda, William Ruto akabaki na jukwaa zima. Sasa nigawie muda hapo. Dakika za asiyekuja nimpe nani, kiti?

Lakini wateja wangu hawakutatizika hata kidogo. 2017 walinieleza kwamba ushujaa ni kwenda kwenye mdahalo. 2022 wakanieleza kwamba ushujaa ni kutokwenda. Ni walewale, kwenye benchi lilelile, mmoja ana deni langu la zipu tangu mdahalo wa kwanza. Nilipowakumbusha, waliniuliza nimelipwa ngapi.

Jioni ile mama wa omena alikuja kuchukua sketi yake. Nami nikataka gorogoro moja ya omena. Kabla hajaanza kujaza, nikauchukua mkebe nikaugeuza nione kitako chake.

Hakusema neno. Alinyoosha mkono juu ya kichwa changu, akanizimia redio.