Sifa za Mshahara Mdogo Kisiwani

Wako waliosifu mali, na wako wenye hekima waliosifu ufukara. Lakini mshahara mdogo, ambao si mali wala si ufukara kamili, bali ni uchochoro unaopita baina ya viwili hivyo, umesahauliwa na washairi wote, na dhuluma hiyo nimekusudia kuiondoa leo. Naistahiki kazi hii. Nalitoka Mpanda peke yangu, bila mke wala ndugu, kwa reli ile ile iliyofikishwa kwetu mwaka 1950 ili ichukue madini ya risasi, na ambayo, baada ya mgodi kufungwa, imebaki kuchukua mahindi, mpunga na vijana. Nikateremka Dar es Salaam, nikavuka bahari, nikawa karani wa hesabu katika hoteli moja ya Mji Mkongwe wa Unguja, ambayo sitaitaja jina, maana yenyewe bado ipo na mimi bado naidai.

Fadhila kuu ya mshahara mdogo ni kurefusha umri. Matabibu hawajalitambua jambo hili, wakahangaika bure na mizizi na vidonge. Mtalii ajaye kisiwani kwa juma moja na mkoba uliojaa, siku ya kuondoka husikika akilalama kwamba siku zake saba zimekwisha kabla hazijaanza. Masikini, amepokonywa juma zima la uhai wake, na amelilipia. Hali ya mtu wa mshahara mdogo ni kinyume cha hayo. Siku tano za kwanza za mwezi humwendea mbio kidogo, nakubali, kwa kuwa ndani yake mna nazi na samaki. Lakini ifikapo tarehe 12 saa huanza kujinyoosha, tarehe 18 jua hukawia juu ya mapaa bila udhuru, na baina ya tarehe 25 na siku ya malipo hupita zama nzima, ambamo mtu huweza kubaleghe, kuzeeka na kuleta tauba, na bado mhasibu mkuu anasema benki haijajibu.

Katika mji huu huu, tarehe 27 Agosti 1896, manowari za Kiingereza zililipiga jumba la Sultani katika vita ambavyo havikutimiza saa moja, na ambavyo wanatarikhi huvihesabu kuwa vifupi kuliko vita vyote vilivyopata kupiganwa duniani. Basi naomba iandikwe kando ya fahari hiyo kwamba hapo hapo, hatua chache kutoka Forodhani, ndipo ulipopatikana mwezi mrefu kuliko miezi yote. Kwa hesabu yangu, ambayo ni hesabu ya karani na haina mzaha, mimi sasa ni hirimu ya Sayyid Said bin Sultan, aliyekuwa mhamiaji kama mimi, akayahamisha makao yake kutoka Maskati kuja Unguja katika nusu ya kwanza ya karne ya 19. Tofauti yetu ni kwamba yeye alikuja na merikebu na hazina, wala hapana dalali aliyemdai kodi ya mwezi mmoja kwa kumwonyesha Mtoni.

Fadhila nyingine nazitaja kwa kupita. Mshahara mdogo humpunguza mtu kitambi. Humfundisha kwenda kwa miguu kutoka Darajani hadi Amani. Humkinga na wezi, na marafiki, na mahari. Humsahilishia Ramadhani, kwa kuwa tangu Shaabani amekwisha zoea. Tena humfundisha subira mbele ya mwenye nyumba.

Hapana, subira hiyo sinayo. Nani aliyemwambia mtu mwenye chumba kimoja, kisicho na dirisha la kuonea bahari wala la kuonea chochote, kwamba kodi yake itajwe kwa dola, na itolewe ya mwaka mzima mbele, na mtu alipwaye kwa shilingi, kwa mwezi, na nyuma? Mwaka 2025 zilitolewa kanuni za kukataza bei za humu nchini kutajwa kwa fedha za kigeni. Mwenye nyumba wangu, ambaye ni mtiifu wa sheria, aliacha mara moja kuitaja dola. Sasa hutaja shilingi, baada ya kuitazama simu yake ajue dola imeamkaje. Kwetu Katavi, wakati wa kiangazi, viboko wa mto Katuma hujibana mamia katika dimbwi moja la tope, wakaumana na kukanyagana; lakini sijasikia kiboko aliyemtoza mwenzake kodi.

Nao jamaa zangu hawaniamini. Mjomba hunipigia simu kutoka Mpanda: “Mwanangu, wewe uko Zanzibar, unakula na Wazungu, karo ya mdogo wako haikushindi.” Namwamkia, namwombea afya, nageuza maneno kwenye mvua na mpunga. Nitamwelezaje kwamba pweza aliyechokolewa mwambani na mwanamke wa Jambiani humpita jirani yake mlangoni, akaenda hotelini?

Wageni zaidi ya 700,000 waliingia Zanzibar mwaka 2024, na sina ugomvi na hata mmoja wao, hulipa walichoambiwa. Ugomvi wangu ni na daftari niliandikalo kwa mkono wangu mwenyewe. Upande mmoja naingiza chumba kimoja, usiku mmoja, thamani yake ikiupita mshahara wangu wa mwezi. Upande wa pili naingiza mshahara huo, chini ya neno “gharama”, na meneja akifika hapo huguna. Mwaka 2022 Serikali ya Mapinduzi ilipandisha kima cha chini cha watumishi wake kutoka shilingi 300,000 hadi 347,000. Meneja aliisoma habari hiyo kwa sauti, akasifu Serikali, akalikunja gazeti. Akiuza, hutazama mfuko wa mtu wa Ulaya. Akinunua jasho, hutazama mfuko wa mtu wa Mpanda. Na mtu huyo wa Mpanda atakwenda sokoni kwa bei ipi, hilo halimo daftarini.

Nilipomwendea kuomba nyongeza alinipokea kwa taadhima, akafungua dirisha, akanionyesha bahari na dau na machweo. “Ndugu yangu,” akasema, “watu huvuka dunia kuja kuyalipia haya, nawe wayatazama bure kila siku. Hiyo ni nusu ya mshahara wako.” Nikamshukuru. Kodi yangu ilipokwisha nikamkabidhi mwenye nyumba nusu yake kwa shilingi, na nusu ya pili nikamwonyesha kutoka barazani kwake, dau likiingia bandarini. Aliitazama kitambo, kisha akatoa simu mfukoni aone leo dola ni kiasi gani.