Ng'ombe kwa Bei ya Mara Tatu

Jana mwekahazina wa kikundi chetu cha wafugaji hapa Kinanie alinisimamisha mbele ya wanachama wote. "Bwana Katibu, SMS za chanjo zimekula pesa mara tatu. Hizo nyingine ulimtumia nani?" Akina mama wa safu ya mbele wakacheka. Mke wangu, aliyeketi katikati yao, hakucheka.

Sikumtumia mtu. Mhalifu ni ritifaa.

Mwenyekiti hutaka tangazo la kubandika sokoni liwe na maandishi manene, kwa hiyo huliandika kwenye Word. Nayo Word ina maringo: ukiandika ng'ombe, ritifaa yake iliyosimama wima huipinda kama mkia wa mbuzi. Tangazo likanakiliwa hivyo hivyo kwenye mtambo wa kutuma SMS kwa wingi.

Sasa sikilizeni. SMS moja hubeba baiti 140, basi. Mwaka 1985 Mjerumani Friedhelm Hillebrand aliketi kwake Bonn na mashine ya taipu, akaandika sentensi za ovyo, akahesabu, akaona herufi 160 zinamtosha binadamu. Zinaenea kwa sababu kila herufi hupewa biti 7 tu, mradi iwe kwenye orodha fupi waliyokubaliana huko Ulaya. Ikipenya moja ya nje, ujumbe mzima huhama: kila herufi, hata a na e zisizo na hatia, hudai biti 16, na nafasi hushuka hadi 70. Ukikatwa vipande, kila kipande hulipa ushuru wa kuunganishwa na mwenzake, zikabaki 67. Tangazo letu lilikuwa na herufi 150. Vipande vitatu, kwa mkia mmoja usiomo kwenye orodha! Na hapa ndipo serikali ilipotenga eneo zima la viwanda vya ngozi, utamkwepaje ng'ombe?

Nilipoisoma orodha yenyewe, mzaha ukaniisha. Imo Ø ya Wadenmaki, imo ß ya Wajerumani, zimo Δ na Ψ za Wagiriki, zote kwa bei ya kawaida. ĩ na ũ za Kikamba hazimo. Mzee wa hapa akiandikiwa lugha yake sawasawa, nafasi hazifiki hata nusu. Akivuliwa vile viwimbi, anaandikiwa makosa. Na wenye simu za mulika mwizi, wasio na njia nyingine, ndio ambao ujumbe wao hutozwa zaidi.

PDF tulishaijaribu: bando ni ghali, hakuna aliyeifungua. Tulipoanzia WhatsApp, ambako neno hunenepeshwa kwa nyota, msomaji wa matangazo kanisani akasoma "nyota Jumamosi nyota".

Nimependekeza chanzo kiwe matini tupu, faili la .txt lisilo na unene wala rangi, ritifaa imesimama wima. Kutoka humo karatasi itavalishwa unene wake, WhatsApp nyota zake, na SMS ipite uchi. Kamati imekubali. Mwenyekiti aliuliza tu picha yake itakaa upande gani.