Mteueni Kuku wa Singida Awe Mjumbe wa Bodi

Kwa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu

Waheshimiwa,

Yah: Pendekezo la kumpa kuku wa kienyeji kiti kwenye Bodi

Tangu Bodi yenu iundwe kwa sheria ya mwaka 2004, imekopesha ada, vitabu, mafunzo kwa vitendo, pamoja na fedha za chakula na malazi, zilizopanda hadi shilingi 10,000 kwa siku mwaka 2022. Tunashukuru. Ila katika orodha hiyo nauli haimo. Boom, yaani fedha ya mkopo ya kujikimu, husainiwa chuoni, na hakuna afikaye chuoni kwa baraka za wazee peke yake. Kutoka Singida mjini hadi Dodoma ni takriban kilomita 240, hadi Dar es Salaam karibu 700. Anayetoka Mkalama au ndani ya Ikungi ana kazi ya kuufikia kwanza huo mji. Anayegharamia safari hiyo, na godoro, na ndoo, na ugali wa siku zote za kusubiri pesa iingie, mara nyingi ni kuku. Huyo ndiye mkopeshaji mwenzenu, tena hajawahi kukata asilimia 15 ya mshahara wa mtu.

Mtasema elimu ya juu ni ya kuchangia, hivyo mzazi naye atie mkono. Sawa, na mzazi hajakataa. Tatizo ni majira. Singida ina msimu mmoja wa mvua. Alizeti huvunwa kuanzia Mei hivi, vyuo hufunguliwa Oktoba na Novemba, wakati ghala linaelekea chini na mkulima anahangaikia mbegu. Mchango mnaudai siku ambayo anayedaiwa naye anakopa. Mazao yana msimu, kuku hana. Basi hukamatwa yeye, akauzwa kwa bei ya mwenye shida.

Mtasema pia kwamba vijana humalizia boom kwenye simu na starehe. Wapo. Lakini hapa tunazungumzia pesa ambayo bado haijaingia, na sijasikia mtu aliyefuja asichokisaini. Mkisema mfuko ni mdogo, mimi siombi hata senti ya nyongeza: katika awamu ileile ya kwanza, tangulizeni kiasi cha nauli na wiki mbili za chakula, kimfikie mwanafunzi angali nyumbani, mara tu chuo kikithibitisha nafasi yake. Je, akikipokea asiende? Deni litabaki na jina lake, na ninyi mnaowafuata wadaiwa hadi kwa waajiri wao hamtashindwa na mtoto wa Kiomboi.

Hilo likiwa gumu, basi mpeni kuku kiti chake na posho ya kikao. Mfanye hima lakini, maana kila Oktoba wenye sifa za kuteuliwa wanazidi kupungua bandani.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Msemaji wa Mabanda, Singida