Sifa za Jogoo, Mla Bure wa Goma

Katika viwanja vya Goma hakuna mfugo unaofanya kazi kidogo kuliko jogoo, wala hakuna unaojivuna kumzidi. Mbuzi atauzwa, tetea atataga, mbwa angalau atabweka usiku wa mwizi. Jogoo yeye hula pumba za wenzake, hupanda juu ya lundo la mawe meusi ya volkano lililobaki ujenzi ulipokwisha, hutunisha kifua na kutangaza kwamba asubuhi imefika kwa amri yake. Hatagi, halalii, halei. Ndiyo maana kila anayeanza kufuga kuku 5 au 6 nyuma ya nyumba ya mbao, kule Ndosho au Majengo, hupewa ushauri uleule: nunua matetea, jogoo achana naye. Ushauri huo una akili. Hata hivyo mimi nasimama upande wa mla bure huyu, na nitamtetea kwa heshima zote anazojipa mwenyewe.

Nianze kwa kukubali lisilokanushika. Tetea hutaga bila kuhitaji mume, na yai lake ni lilelile likifika sahanini. Anayetaka mayai tu, na ana fedha za kununua kuku wapya wa kisasa kila wale wa zamani wanapochoka, hana haja na jogoo wala na makala hii. Lakini familia nyingi za Goma hazifugi hivyo. Zinafuga kuku wa kienyeji, ambaye hutaga mayai kumi na kitu, kisha huyakalia siku 21. Pasipo jogoo, hizo ni siku 21 za kumtesa tetea bure. Kideri kikipita mtaani kinaweza kumaliza karibu kuku wote ambao hawakuchanjwa, na wezi hupita mara nyingi kuliko kideri. Wawili watatu watakaosalia, wakiwa na jogoo, ni mwanzo mpya. Bila jogoo ni mboga. Utasema vifaranga hununuliwa. Ndiyo, Goma imezoea kula kinachovuka mpaka, ila mpaka una siku zake na fedha nazo zina siku zake. Mwishoni mwa Januari 2025, M23 ilipouteka mji, uwanja wa ndege ulifungwa na benki nazo zikafunga milango. Aliyekuwa na jogoo kiwanjani hakuhitaji kimoja wala kingine ili mayai yake yaanguliwe.

Huu pia ni mji wa kuhama. Nyiragongo ilipolipuka tarehe 17 Januari 2002, lava ilipita katikati ya mji mpaka ziwani. Ililipuka tena tarehe 22 Mei 2021, na siku 5 baadaye wakaaji wa sehemu kubwa ya mji waliamriwa kuondoka. Njia ya Sake na ya Gisenyi zikajaa watu wenye magodoro kichwani. Mtu hawezi kuhama na ukuta wake wa mawe, wala na choo alichokichimba kwa nyundo ndani ya mwamba, lakini kuku hufungwa miguu akaning’inizwa kwenye chukudu. Hapo ndipo hesabu ya jogoo inapobadilika. Matetea 3 waliofika Sake ni matetea 3. Matetea 2 na jogoo mmoja, Mungu akijalia, ni kundi zima miezi michache ijayo.

Shitaka kubwa ni la kelele, na mshitakiwa hakani. Nyumba za mbao zimebanana hivi kwamba mtu anajua jirani yake anavyokoroma, na humo jogoo huanza kazi saa kumi alfajiri. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Nagoya, Japani, walionyesha mwaka 2013 kwamba ana saa ndani ya mwili: hata akifungiwa kwenye mwanga hafifu usiobadilika, huendelea kuwika kwa ratiba, na kwa kawaida huanza yapata saa 2 kabla ya mwanga. Baadaye wakaongeza kwamba penye majogoo kadhaa, mkubwa wao huwika kwanza na wengine hufuata kwa vyeo. Kwa mji ulio karibu na ikweta, ambako jua halibadilishi sana wakati wake mwaka mzima, saa hiyo hutegemewa kuliko simu inayosubiri umeme. Tatizo ni kwamba anawika pia saa saba mchana, na kila pikipiki inapopita, na pikipiki si kitu kinachoadimika Goma. Wazee walisema jogoo la shamba haliwiki mjini. Ni wazi hawakuwahi kulala Majengo. Anayewaza kwenda mahakamani akumbuke yaliyowapata wenzake Ufaransa: mwaka 2019 mahakama ya Rochefort ilimpa ushindi jogoo Maurice wa kisiwa cha Oléron dhidi ya majirani waliotaka kupumzika kwa utulivu, na Januari 2021 ikapitishwa sheria ya kulinda sauti na harufu za mashambani. Jirani wa Goma ana dawa ya haraka zaidi, nayo ni kisu, ila mara nyingi na yeye ana jogoo wake, na mashitaka yanafutana.

Na je, ni kweli hafanyi kazi? Mtazame mwewe anapozunguka juu ya mabati. Matetea wameinamisha vichwa wakichakura kwenye nyufa za mwamba; yeye amesimama, jicho moja kaligeuza angani. Hutoa mlio mwembamba wa kuvuta, na kufumba na kufumbua vifaranga wamo chini ya mbao. Akija paka au mbwa, mlio ni mwingine, wa kukatakata, na kuku badala ya kujificha hunyoosha shingo wamwone adui yuko wapi. Akipata mende, humdona, humwangusha, humdona tena, huku akiita harakaharaka mpaka matetea wafike wamle wao. Ana nia yake, bila shaka. Anayeita kwenye chakula hukubaliwa upesi baadaye. Kwa hiyo nitamfananisha na mkubwa wa nyumba kumi: mshahara wake hauonekani, anajua nani ameingia mtaani, kila jambo hulitangaza kana kwamba limeanzia kwake, na watu humkumbuka siku ambayo hayupo.

Lawama nzito kuliko zote haitoki kwa jirani, inatoka kwa matetea. Jogoo mmoja anatosha matetea 10. Ukimpa 2 tu, atawapanda mpaka migongo ibaki bila manyoya. Mwenye matetea 2 au 3 basi na aazime, kwa kuwa mbegu ya jogoo hudumu ndani ya tetea zaidi ya wiki moja, na siku chache za ugeni zinatosha. Wajanja wa mjini husikia hayo wakasema: kumbe sote tutumie wa jirani! Jirani naye anasema hivyohivyo, na mtaa mzima unabaki kumsubiri mjinga mmoja wa kumlisha. Mwenye matetea 5 au zaidi na awe mjinga huyo. Aweke mmoja, kwa sababu wawili katika kiwanja kidogo ni damu kila asubuhi. Hatakosa wa kuchagua, maana karibu nusu ya vifaranga watakaoanguliwa ni madume, na wanaozidi wana Noeli na Bonane yao. Mwaka ukipita, kabla hajaanza kuwapanda binti zake, ambadilishe na wa ndugu wa Kibumba au Rutshuru.

Ukienda kumnunua soko la Virunga, usidanganywe na upanga mwekundu wala sauti kali. Chukua konzi ya mahindi, uyamwage ndani ya tenga alimofungiwa pamoja na matetea. Akiwaita wenzake kabla ya kula, mlipie bila kubishana sana. Akila peke yake kimyakimya, mwachie mwenye sufuria.