Baridi Inasingiziwa

Aibu ya gari kugoma kuwaka stejini Nunguni saa kumi na mbili kasorobo asubuhi haipoi hata jua likishapanda. Ufunguo unazungushwa, boneti inajibu "tik", basi. Hakuna anayecheka, maana watu wa Kilungu wana adabu zao. Wanageuza tu shingo kuutazama ukungu kana kwamba hawakusikia kitu, na adabu hiyo huchoma kuliko kicheko. Halafu anajitokeza mzee mmoja, mikono ndani ya koti, anatoa hukumu isiyokatiwa rufaa kuanzia Mbooni hadi Mutomo: "Ni baridi hiyo." Mwenye gari anaitikia kwa kichwa, kwa sababu baridi ni mshtakiwa anayewafaa wote: haina mdomo, haina wakili, wala haitamrudia mtu na risiti. Mimi nasema inasingiziwa. Kinachoyamaliza magari makuukuu ya Kitui na Makueni ni joto, likisaidiwa na watu wasiopenda kupima.

Tuiangalie baridi yenyewe. Kwenye vilima vya Mbooni na Kilungu, vinavyopanda kupita mita 1,800, asubuhi ya Julai inadai masweta mawili, hilo sibishi. Lakini mjini Kitui ni nadra kipimajoto kushuka chini ya nyuzi 10, na huko chini Kibwezi baridi ni habari ya kusimuliwa na wageni. Sasa kumbuka magari haya yalikotoka. Mengi ni mitumba ya Japani, na mengine yaliuzwa kwanza Hokkaido, ambako theluji hulala chini miezi mizima na viwanda huyapa magari ya huko betri kubwa zaidi na stata yenye misuli zaidi. Gari lililozoea kuwaka kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri linawezaje kufika Tawa likashindwa na nyuzi 14 juu ya sifuri, hali ambayo mtu wa Hokkaido angeivalia kaptura? Ama gari limejifunza kudeka, ama kuna kitu kililidhoofisha baada ya kushuka melini Mombasa.

Kitu hicho mara nyingi ni betri, na hapa msomaji anivumilie, kwa sababu sanduku lile jeusi hunivutia kupita kiasi. Ndani mna vyumba sita, kila kimoja kikitoa volti 2 na ushei, na katika kila chumba sahani za risasi zimezama ndani ya maji yenye asidi ya salfuri. Stata ya gari dogo la petroli huvuta ampea mia na zaidi kwa sekunde chache, mzigo unaopita taa, redio na feni vikiwashwa pamoja, na umeme wote huo hutokana na asidi kuvaana na risasi. Baridi hupunguza kasi ya kazi hiyo: kwenye nyuzi sifuri betri hupoteza kama theluthi ya nguvu zake. Theluthi tu, tena kwenye barafu, na mjini Wote barafu iko kwenye friji za kuuzia samaki na soda. Joto hufanya kinyume, na hila yote iko hapo. Huharakisha kila kitu, uharibifu ukiwemo: maji hupungua, vyuma vya sahani huliwa na kutu, unga ulioshikizwa juu yake humomonyoka na kutuama chini. Mafundi wa betri wana kanuni yao kwamba kila nyuzi 10 zinazoongezeka juu ya 25 hukata umri wa betri karibu nusu. Fikiria basi gari lililoegeshwa Kibwezi mchana wa Februari, limetoka kufukuzana na malori kwenye barabara ya Mombasa, boneti imefungwa, betri iko shibiri chache tu kutoka kwenye injini. Inapikwa. Wala haigomi siku hiyo, kwa kuwa betri yenye joto hutoa umeme kwa urahisi hata ikiwa mgonjwa, na oili iliyolainika haiipi stata kazi ngumu. Inangoja Julai. Oili inapozidi uzito kidogo, na nguvu ikapungua kidogo, ile akiba iliyoliwa tangu Februari haipo tena. Mauaji yalifanyika Kibwezi, maiti ikaokotwa Nunguni, na aliyekamatwa ni baridi kwa vile alikutwa amesimama hapo karibu.

Mbishi ataniuliza: ikiwa ni betri, mbona saa sita mchana gari lile lile linawaka bila kusitasita? Swali zuri, na jibu lake ndilo linalonipa ushindi. Betri iliyobakiza nusu ya nguvu inaitosha injini yenye joto na inashindwa na injini iliyolala. Kwa hiyo kuwaka mchana si cheti cha afya. Cheti kinatolewa na mita. Betri iliyopumzika usiku kucha ikisoma volti 12.6 imejaa, 12.2 imebakiza kama nusu. Chini ya 12 ni kopo. Ufunguo unapozungushwa isishuke chini ya 9.6 au hapo karibu. Na kama imejaa na bado inasema "tik", inama uangalie nguzo zake. Mara nyingi utakuta unga mweupe wenye kijani kwa mbali umejaa kati ya nguzo ya risasi na kile kibano cha waya. Gusisha ncha moja ya mita juu ya nguzo, nyingine juu ya kibano, mtu apige stata: ukiona nusu volti, jua umeme unaishia kwenye unga huo kabla haujaenda popote. Maji moto, magadi na mswaki wa zamani vinatosha kwa matibabu. Lakini matibabu hayo hayana heshima, hayamchafui mtu hadi viwikoni, kwa hiyo hayaaminiki.

Kinachoaminika ni kusukuma. Vijana wanne wa bodaboda hujitokeza bila kuitwa, na gari la gia za mkono likisukumwa na kuachiwa klachi likawaka, watu hupiga makofi na kutawanyika. Hapo hunijia hasira, maana gari limetoka kutoa ushahidi wake na hakuna aliyeuandika: kama limewaka kwa kusukumwa, basi plagi, koili na petroli ni nzima, tatizo liko kwenye betri, nyaya zake au stata. Na likiwa otomatiki, kama yalivyo mengi ya mitumba, kusukuma ni mazoezi ya viungo tu. Pampu inayotia presha kwenye gia huzungushwa na injini. Injini ikilala hakuna presha, na magurudumu hayawezi kuiamsha hata yakisukumwa mpaka Emali. Nimewahi kuambiwa kwamba hili ni suala la kusukuma kwa imani.

Lipo gari linalozungushwa vizuri, kwa kasi, ila halishiki moto. Hapa nakiri baridi ina kidole chake, kwa sababu petroli haigeuki mvuke vizuri ikigusa chuma kilicholala, ndiyo maana injini ya asubuhi huhitaji petroli nyingi kuliko ya mchana. Magari ya kabureta yalivutiwa choki. Ya sasa yana sensa ndogo kama kidole gumba iliyozamishwa kwenye maji ya injini: ikiwa baridi ukinzani wake ni omu elfu mbili na zaidi, maji yakifika nyuzi 80 unashuka hadi mamia machache, na kompyuta husoma hapo ijue petroli ya kumimina. Sensa ikiharibika ikabaki kusema "moto" alfajiri, kompyuta hupunja petroli kwa nia njema kabisa. Plagi zilizolowa na kichujio kilichojaa vumbi navyo vipo.

Kuna pia petroli iliyochanganywa mafuta ya taa, ambayo asubuhi hukataa kuwa mvuke, na hapa utani unaniisha. Septemba 2018 serikali iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili wachanganyaji wasipate faida. Kwa hiyo nyanya wa Mutito mwenye koroboi, ambaye hajawahi kumiliki hata baiskeli, alianza kulipia dhambi za watu wa matangi. Wataalamu watasema hapakuwa na njia nyingine. Njia nyingine ilikuwa kupima petroli kwenye vituo na kufunga vya wezi, jambo ambalo halimhitaji nyanya.

Kuna wanaoniambia niache kelele: gari limezeeka, liuzwe. Sheria yetu inaruhusu mitumba isiyozidi miaka 8, kwa hiyo gari letu jipya huanza maisha likiwa limekaribia kustaafu, na anayeliuza anamwuzia jirani yake ugonjwa ule ule. Wengine wanasema makanika wetu hawana pesa za vipimo. Mita ya kawaida ni nafuu kuliko plagi nne, na plagi nne hubadilishwa kwa kukisia, kisha koili, kisha pampu, kila kipuri kwa pesa za mwenye gari, mpaka siku kibano cha betri kikazwe kwa bahati mbaya na gari liwake. Na hata anayeamua kununua betri mpya huikuta kwenye kibaraza cha duka kinachotazama magharibi, imepangwa juu ya wenzake, ikila jua la alasiri tangu haijulikani lini. Betri iliyokaa hivyo hujimaliza umeme na sahani zake huganda chumvi kabla haijaona gari. Mwombe mwenye duka aipime mbele yako. Ikisoma chini ya 12.4, mwachie hapo hapo kibarazani.