Namna ya Kuiingiza Mvua Sebuleni: Mwongozo kwa Wajenzi wa Kitui na Makueni

Kitui na Makueni watu huombea mvua kanisani tangu Septemba. Ni utovu wa adabu basi mgeni aliyeombewa hivyo akifika aachwe nje. Ukifuata maelekezo haya, mvua ya Novemba itapita mlangoni, itazunguka chini ya kochi na kulala chumbani kwako.

Nunua kiwanja mwezi wa Agosti. Wakati huo mito ni mchanga mtupu, na bonde la maji linafanana na barabara ya ng'ombe. Usimuulize mzee wa jirani kwa nini pale hapajawahi kujengwa, maana ataanza habari za El Nino ya 1997 na wewe una haraka ya kumwaga msingi. Ukiwa milimani, Mbooni au Kilungu, kata ubavu wa mlima na uisukume nyumba hadi igusane na udongo. Mtaro wa kukinga maji upande wa juu usichimbe, kwani utayanyima maji ya mlima njia ya kupitia dirisha la jikoni.

Fundi atakuuliza msingi uinuliwe kozi ngapi. Mwambie moja. Akisema, "Lakini mzee, maji...", mjibu bila kusita: "Fundi, huku ni Ukambani, maji yatatoka wapi?" Sebule nyingi zimelowa kwa ajili ya swali hilo.

Kisha usipime chochote. Wataalamu husema ardhi inayoizunguka nyumba ishuke angalau sentimita 15 katika mita 3 za kwanza kutoka ukutani, na kama umemwaga zege pembeni, sentimita 2 kwa kila mita zinatosha. Kazi hiyo inataka vigingi viwili, kamba na pimamaji. Asiye na pimamaji hutumia mpira mwembamba uliojazwa maji. Ni kazi ya asubuhi moja, na asubuhi hiyo unaweza kuitumia kuchagua rangi ya geti.

Sasa tufike kwenye ufagio. Uwanja wa udongo ukifagiliwa kila siku, kuanzia ukutani kwenda nje, hupungua kidogo kidogo. Paa lisilo na gata nalo hudondosha maji mahali pale pale mvua baada ya mvua, mpaka linachimba mfereji wake sambamba na ukuta. Miaka inapita, mama mwenye nyumba anasifiwa kwa usafi, na msingi unaanza kuchungulia. Hapo ndipo mwenye nyumba anapopata wazo la kupanda maua kando ya ukuta na kuyazungushia mawe yaliyopakwa chokaa. Pongezi: umejenga bwawa, na upande wake mmoja ni chumba cha watoto. Wapo pia wanaojaza udongo mpaka upite usawa wa sakafu, matofali yakapata kunywa bila kuinama.

Gata ni adui wa mpango huu wote. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya paa ni lita moja. Paa la mita 10 kwa 8 likinyeshewa milimita 50 usiku mmoja humwaga lita 4,000, yaani mitungi 200 ya lita 20. Iache yote mitungi hiyo 200 chini ya ukuta. Agosti itakaporudi, utanunua maji hayohayo kwa mwenye punda, mtungi kwa mtungi, huku ukilalamikia serikali ya kaunti. Kama tayari una gata na tangi, usikate tamaa: elekeza bomba la maji ya ziada kwenye kona ya nyumba.

Ajabu ni kwamba mambo haya yanafanyika kwa watu ambao hawahitaji kufundishwa mteremko. Fanya juu, ule mtaro unaofuata kontua na udongo wake kurushwa upande wa juu, umeenea milima yote ya Ukambani, na vikundi vya mwethya, yaani vya kazi ya pamoja, vimeichimba mitaro hiyo kwa jembe na sepetu kizazi baada ya kizazi. Juu ya tuta hupandwa nyasi ya makarikari ili udongo usihame. Huko Kitui, tangu miaka ya 1990, shirika la SASOL na wanavijiji wamejenga mamia ya mabwawa ya mchanga, maji yakahifadhiwa ndani ya mto uliokauka. Makueni ina sheria ya mwaka 2015 ya kulinda mchanga wa mito. Mtu huyohuyo aliyezipimia ndengu zake kontua hulala kwenye nyumba ambayo haikupimiwa hata kwa jicho.

Ukilazimika kabisa kuchimba mtaro, uelekeze kwa jirani. Naye atachimba wake akurudishie, na ninyi wawili mtakutana kwa chifu mkiwa na viatu vya tope.

Aliyesoma mpaka hapa kwa hasira na afanye kinyume. Jaza udongo wa mfinyanzi kuzunguka kuta, si mchanga, kwa sababu mchanga hunywa maji na kuyapeleka kwenye msingi. Ushindilie, uteremke kwenda nje, na ubaki sentimita 15 chini ya usawa wa sakafu. Yale mawe ya chokaa yaondoe. Mwisho wa mteremko chimba mtaro unaopeleka maji kwenye mashimo ya mipapai na migomba, kama wafanyavyo wakulima wa kaunti hizi mbili wanaovuta maji ya barabarani hadi shambani. Vuli huanza Oktoba, na jembe unalo.