Mfuniko wa Mtaro ni wa Nani?

Kisheria, Tanzania Bara haina barabara yatima. Barabara kuu na za mikoa ziko chini ya TANROADS, wakala ulioanzishwa mwaka 2000. Za wilaya, miji na vijiji, zilizokuwa mikononi mwa halmashauri, zilikabidhiwa wakala mwingine, TARURA, mwaka 2017. Katikati hapo ilikuja Sheria ya Barabara ya mwaka 2007, na hifadhi ya barabara kuu ikafika mita 60, yaani 30 kila upande. Tangu hapo X nyekundu ya bomoabomoa ukutani imewafanya wenye nyumba wengi kuwa wapima ardhi wasio na cheti.

Taabu huanzia kwenye njia ya waenda kwa miguu. Nayo ni sehemu ya barabara, kwa hiyo mwenye barabara ndiye mwenye njia. Lakini chini yake limelala bomba la maji, pembeni kuna mtaro, juu imesimama nguzo ya umeme, na baina ya hivyo vyote kuna jiko la chipsi. Kila kimoja kina kibali chake au ukaidi wake. Anayetaka kuchimba anatakiwa kuomba ruhusa na kisha kuirudisha njia kama alivyoikuta. Kuchimba hufanywa kwa bidii. Kurudisha hufanywa kwa kukadiria: vitofali vya zege hupangwa upya, na kimoja huachwa kikielea. Wakati wa kiangazi kitofali hicho hakijulikani. Wakati wa masika humrushia matope hadi magotini anayekikanyaga, ambaye kwa desturi ni mtu aliyevaa suruali nyeupe akiwahi usaili.

Mifuniko ya mitaro ina mkasa wake. Ya chuma hupendwa sana na wanunuzi wa vyuma chakavu, na ikishaondoka, wasamaria huchomeka tawi la mti shimoni. Tawi hilo halimo katika orodha yoyote ya alama za barabarani, ila madereva huliheshimu kuliko alama nyingi zilizomo. Likinyauka, mtu hulibadilisha kwa bichi. Hayo ndiyo matengenezo pekee yanayofuata ratiba. Hata nafasi ya kupita haidumu: mwaka 2021 wamachinga walipoondolewa kando ya barabara za Dar es Salaam, waenda kwa miguu walipata pa kupita. Bodaboda nao wakapaona.

Njia za ndani ya mtaa ni habari nyingine. Nyingi zilizaliwa pale wauzaji wa viwanja visivyopimwa walipoachiana futi chache, hivyo hazimo kwenye daftari la wakala yeyote na mzigo wake huwaangukia wakazi. Huundwa kundi la WhatsApp na kutangazwa mchango wa kifusi. Mwenye nyumba ya mwanzo hachangi, kwa kuwa geti lake liko kwenye lami. Wa mwisho naye hachangi, kwa kuwa hana gari. Wanaobaki huletewa lori la kifusi chenye vipande vya vigae na misumari, na wa kwanza kunufaika ni fundi pancha wa kona. Matuta hujengwa usiku, na urefu wake hupimwa kwa hasira. Geti nalo lina mpaka: njia ikishakuwa ya umma, wakazi hawana mamlaka ya kuifunga, hata kama mlinzi ameshaajiriwa na kushonewa sare.

Anayevunjika mguu katika njia ya umma anaweza kudai fidia akithibitisha uzembe. Kwanza, hata hivyo, sheria ya mashauri dhidi ya Serikali inamtaka atoe notisi ya siku 90, muda unaotosha mguu kuunga na ushahidi kufukiwa kwa mchanga. Kwenye njia ya wakazi hakuna notisi ya namna hiyo. Huko shauri hukwama mbele ya mwenyekiti wa mtaa, maana mlalamikaji huwa bado anadaiwa mchango wa kifusi.